Mzee Anaposahau Rakaa: Kutu ya Mwili na Wajibu Wetu Nyumbani



Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za Waislamu wa Voi, dalili ya kwanza kwamba mzee amebadilika haionekani hospitalini. Huonekana juu ya msala. Nyanya aliyekuwa akisali rakaa nne za adhuhuri bila kutatizika, sasa husita katikati, na akishatoa salamu humuuliza mjukuu wake amesali ngapi. Babu aliyekuwa akiinuka kutoka kwenye sijida kwa wepesi, sasa hutia mkono chini, kisha goti, kisha hushika ukuta. Mara sufuria huungua jikoni, mara funguo hupatikana ndani ya gunia la mchele. Watu wa nyumbani hutazamana, wakasema, "Ni uzee huo," na mambo yakaendelea. Wapo wasemao maneno mabaya zaidi ya hayo, nasi tutayafikia.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, katika Hadithi aliyoipokea Usama bin Sharik, aliwahimiza watu wajitibu, akawafahamisha kwamba kila maradhi yameumbiwa dawa isipokuwa maradhi mamoja, nayo ni uzee. Wengi wetu huishika sehemu ya mwisho ya mafundisho hayo na kuiacha ile ya kwanza. Uzee hauna dawa, ni kweli. Lakini ndani ya uzee hujificha maradhi ambayo yana dawa, na mengine ambayo yakiwahiwa huenda polepole. Kazi yetu wiki hii ni kutenganisha mambo hayo mawili.

Kutu ya mwili ni nini?

Mkazi wa Voi haihitaji shule kuijua kutu. Reli ya kwenda Taveta, iliyojengwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, ilikaa miaka mingi bila treni, na kila aliyeipita aliona jinsi chuma kilivyobadilika rangi. Mama jikoni anayo mfano wake pia. Akimenya ndizi mbichi za Taveta na kuziacha juu ya sinia, hugeuka nyeusi. Akizitia katika maji yenye ndimu, hukaa nyeupe. Katika mifano yote miwili mtendaji ni hewa ya oksijeni, hiyo hiyo tunayoivuta ili tuishi.

Ndani ya karibu kila chembe hai ya mwili mna vijiko vidogo viitwavyo mitokondria. Humo chakula huchomwa kwa oksijeni ili tupate nguvu. Na kama ilivyo kwa kila jiko, cheche huruka. Cheche hizo wataalamu huziita radikali huru: ni chembe zilizopungukiwa na elektroni, nazo hunyang'anya kutoka kwa chembe jirani, na jirani naye akaharibika. Mafuta ya kuta za chembe hai, protini, hata maandishi ya urithi tuliyopewa na wazazi wetu, vyote huweza kuunguzwa. Mwaka 1956 mtaalamu wa Marekani, Denham Harman, alieleza kwamba kuzeeka kwa mwili kunatokana na madhara ya cheche hizo yakijilimbikiza miaka nenda miaka rudi.

Mwenyezi Mungu hakuuacha mwili bila walinzi. Mwaka 1969 wataalamu Joe McCord na Irwin Fridovich waligundua kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima aina moja ya cheche hizo, na vingine vya kazi hiyo vinajulikana leo. Cheche zinapozidi wazimaji, hali hiyo huitwa msongo wa oksidesheni. Umri ukienda, cheche huongezeka, walinzi hupungua, na mafundi wa kutengeneza kilichoharibika huchelewa.

Yafaa kusema pia kwamba cheche si adui mtupu. Chembe nyeupe za damu huzitumia kuulia vijidudu, na misuli inayofanya kazi hutoa cheche chache zinazouzoesha mwili kujilinda. Wala wanazuoni wa leo hawasemi kwamba kutu hii pekee ndiyo uzee. Ni sababu moja miongoni mwa kadhaa, lakini ni sababu ambayo mienendo yetu ya kila siku huikuza au huipunguza.

Kwa nini akili na miguu huenda pamoja?

Ubongo ni kiasi cha asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yote. Tena umejaa mafuta, na mafuta ndiyo yanayoungua upesi. Kwa hiyo hauna budi kuwa miongoni mwa viungo vya mwanzo kuumia. Misuli nayo hujaa vile vijiko tulivyovitaja. Kuanzia umri wa miaka 30 hivi, mtu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na baada ya miaka 60 kasi hiyo huongezeka. Ndiyo maana kusahau rakaa na kushindwa kuinuka kutoka sijida aghalabu huja kama ndugu wawili.

Mwaka 2001 daktari Linda Fried na wenzake walitaja alama tano za udhaifu wa uzeeni: kupungua uzito bila kukusudia, kuchoka upesi, kutembea polepole, mkono kukosa nguvu ya kushika, na kuacha shughuli. Mwenye tatu kati ya hizo huhesabiwa kuwa dhaifu, na huyo yu karibu na kuanguka, kulazwa na kushindwa kujihudumia. Hazihitaji mashine, dada yangu. Je, mama anaweza kukamua kitambaa alichokifua? Je, buibui lake limemzidi upana tangu Ramadhani iliyopita? Je, huinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono? Majibu ya maswali hayo ni habari ya kumpelekea daktari.

Majirani zetu wa Hai

Wako wadhanio kwamba maradhi ya kusahau ni ya Wazungu, kwamba sisi wala ugali na mboga tumesalimika. Mtu akitoka Taveta, akavuka mpaka hapo Holili na kuupita mji wa Moshi, hufika wilaya ya Hai, katika miteremko ya Kilimanjaro. Mwaka 2010 watafiti walikwenda katika vijiji vya huko wakawapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Takriban 6 katika kila 100 walikuwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu yaitwayo dimensia. Hao ni wakulima wa migomba na kahawa, watu wanaofanana na wakazi wa Taveta na milima ya Taita kwa kazi na kwa chakula. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 yao wanaishi katika nchi zisizo tajiri.

Katika wilaya hiyo hiyo ya Hai, uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba wazee takriban 7 katika kila 10 walikuwa na shinikizo la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Hapo ndipo pa kushika, kwani shinikizo la damu na sukari isiyodhibitiwa hukwaruza kuta za mishipa na kuzidisha cheche, na mishipa ya ubongo ni myembamba mno. Mzee asiyepimwa huungua kimyakimya.

Vinavyoilisha kutu

Cha kwanza ni moshi. Mama aliyepika miaka hamsini juu ya mafiga matatu katika jiko lisilo dirisha amevuta moshi mwingi pasina kuwasha sigara hata moja. Moshi wa kuni huzalisha cheche katika mapafu na mishipa ya damu. Jiko lihamishwe nje au litobolewe tundu kubwa la juu. Udi na ubani ni pambo la nyumba zetu, lakini usifukizwe chumbani mwa mzee milango ikiwa imefungwa. Tumbaku, ya kuvuta na ya kutafuna, haina la kutetewa.

Cha pili ni mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi. Mafuta ya viazi karai na mahamri yakirudiwa leo, kesho na keshokutwa hadi yakawa meusi, hayo yenyewe yameshaoza kwa oksijeni kabla hayajafika tumboni.

Cha tatu ni chai na mkate. Mzee asiye na meno, au anayekula peke yake, hugeukia kikombe cha chai yenye sukari nyingi na kipande cha mkate, asubuhi na jioni. Sukari inapanda, misuli inakwisha, nasi twasema mzee hana matatizo ya chakula.

Cha nne ni kukaa. Vijana wamekwenda Mombasa na Nairobi, mzee amebaki na kiti chake barazani. Mwili usiotumika ni kama reli isiyopitiwa na treni.

Chupa zinazouzwa

Mara tu watu waliposikia habari za kutu, wafanyabiashara walileta chupa. Zinauzwa stendi, zinauzwa kwa simu, nyingine zinauzwa nje ya misikiti kwa maneno ya dini: vidonge vya kuondoa sumu, kurudisha ujana, kufufua kumbukumbu. Tusikilize kilichotokea Ufini. Wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara walipewa vidonge vya vitamini E, vya beta-karotini, ambayo ndiyo rangi ya karoti, au vidonge visivyo na kitu. Matokeo yalitolewa mwaka 1994. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wenzao, kwa asilimia 18. Utafiti mwingine wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba vitamini E kwa wingi haikuwazuia wenye kusahau kidogo wasiingie katika dimensia.

Karoti si sumu. Lakini kitu chenye manufaa ndani ya chakula, kikikamuliwa na kumezwa peke yake kwa wingi, si kitu kile tena. Basi shilingi 2,000 za Inua Jamii ambazo mzee wa miaka 70 aliyesajiliwa hupewa kwa mwezi zisiishie katika chupa. Ziende sokoni. Ikiwa daktari amepima akaona mzee amepungukiwa na vitamini fulani, hiyo ni dawa, nayo itumiwe kwa kipimo alichoandika.

Dawa iliyo karibu

Tunaishi katika kaunti yenye neema. Werugha na Wundanyi huteremsha mboga, Taveta hutoa ndizi, maembe na nyanya, na mibuyu imeizunguka Voi pande zote. Sahani ya mzee iwe na mboga za majani kila siku: mchicha, mnavu, kunde, kisamvu. Iwe na mbaazi, pojo au maharagwe, na kimanga kilichopondwa vyema humfaa asiye na meno. Yai moja, au supu ya samaki, hulinda misuli kuliko vikombe vitatu vya chai. Tunda liwe la msimu: papai, pera, chungwa, zambarau. Unga wa ubuyu utiwe katika uji, nao una vitamini C kwa wingi. Yale mabuyu mekundu ya sukari na rangi tuyaachie sherehe, nayo kwa uchache.

Maji yasisahaulike. Voi ni mji wa joto, na kiu ya mzee hupungua ilhali haja yake ya maji haijapungua. Mwekee chupa yake, umkumbushe kila baada ya swala.

Kisha mwili utembezwe. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mwendo kwa wiki, na kwa wenye miaka 65 na zaidi, mazoezi ya nguvu na ya kujizuia kuanguka siku tatu au zaidi. Kwa jamaa zetu wa Sagalla na Kasigau, ambako ndovu hutoka mbugani alfajiri na magharibi, kumwambia mzee atembee peke yake mapema ni kumweka hatarini. Atembee jua likishapanda kidogo, pamoja na mjukuu, au azunguke ua. Na mwenye kusali amekwisha pewa sehemu ya mazoezi yake: kusimama, kurukuu, kusujudu na kuinuka mara tano kwa siku. Usimharakishie kiti mzee ambaye bado anaweza kuinuka. Asiyeweza, dini imemruhusu kukaa, wala asione haya.

Akili nayo hutaka kazi. Huko Hai, wazee wenye dimensia walikusanywa katika vikundi kwa vikao 14 ndani ya wiki 7, wakazungumza, wakaimba, wakacheza na kukumbushana mambo ya zamani. Uwezo wao wa kufikiri ulipata nafuu, wala haikutumika dawa ghali. Nasi tunayo madarasa ya akina mama, visomo, baraza na vitendawili. Mzee aliyehifadhi juzuu asomeshe wajukuu, ijapokuwa sura fupi tu. Ufini pia, katika utafiti uliotolewa mwaka 2015, wazee 1,260 walifuatwa kwa miaka miwili. Waliounganishiwa chakula bora, mazoezi, kazi za akili na uangalizi wa shinikizo la damu walihifadhi fahamu zao kuliko waliopewa nasaha za kawaida tu. Hakuna kimoja kilichotosha peke yake.

Na jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilisema mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya dimensia duniani inaweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14. Miongoni mwao ni shinikizo la damu, sukari, sigara, hewa chafu, upweke, uziwi na macho mabovu. Mzee asiyesikia hujitenga, na anayejitenga husahau upesi. Mpimieni masikio na macho.

Upimaji haupo mbali. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari, nao hupita nyumba kwa nyumba. Mfungulieni mlango. Mzee asajiliwe na Mamlaka ya Afya ya Jamii kabla ya kuugua. Likizidi jambo, zipo hospitali za Wesu, Mwatate na Taveta, na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi hapa Voi.

Jambo moja lisingoje kesho. Mzee aliyekuwa sawa jana, leo akachanganyikiwa ghafla, akaona visivyoonekana au akalala mchana kutwa, huo si uzee. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, homa ya mapafu, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka au dawa zilizogongana. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea, ni kiharusi. Apelekwe saa hiyo hiyo, pamoja na dawa zake zote ndani ya mfuko.

Ulimi wetu

Katika kaunti jirani za Kilifi na Kwale, wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Ganze kuna kituo cha Kaya Godoma kinachowahifadhi waliokimbia watoto wao wenyewe. Msiba wa namna hiyo aghalabu huanza kwa maneno madogo ya nyumbani: bibi anazungumza peke yake, bibi hutembea usiku, bibi ametutupia jicho. Anayezungumza peke yake usiku na kuisahau njia ya choo ni mgonjwa. Ukisikia maneno hayo kwa jirani, yakate hapo hapo, kabla hayajafika kwa vijana wenye mapanga.

Qur'ani Tukufu, katika Sura ya An-Nahl aya ya 70, imetueleza kwamba wapo kati yetu watakaorudishwa kwenye umri dhaifu kabisa, wasijue kitu baada ya kujua. Na katika Al-Israa aya ya 23 tumekatazwa hata neno dogo la kuwachoka wazazi wanapofika uzeeni. Basi usibishane na mama anayeuliza jambo moja mara kumi. Mjibu mara ya kumi kama ulivyomjibu ya kwanza. Akiitoa swala mara mbili, usimkemee: aliyeondokewa na akili hahesabiwi, na kuhusu saumu na fidia muulizeni sheikh wenu mapema, kabla Ramadhani haijaandama.

Mwisho, nasema na akina kaka. Aghalabu mzigo huu huangukia mwanamke mmoja: binti asiyeolewa, au mkaza mwana. Yeye ndiye anayemwogesha mzee, anayefua mashuka, anayeamka usiku. Kutuma fedha kutoka Mombasa ni wema, lakini haki ya mzazi haijatimia kwa fedha peke yake. Panganeni zamu. Mwanamume amwogeshe baba yake. Ndugu aliye mbali aje wiki moja ili dada yake apumzike. Mlezi aliyechoka huugua naye, na nyumba ikabaki na wagonjwa wawili.

Jioni hii, baada ya magharibi, mtazame mzee wako anavyoinuka kutoka kwenye msala. Ukiona kitu, kesho mpelekeni akapimwe.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu siha na mwisho mwema, awasamehe waliotangulia, na atujaalie nasi tutakapofika umri wao tupate wa kutushika mkono. Amin.